Cheo Kipya na Hofu ya Kuumbuka

Wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii twazoea kuwapigia wagonjwa. Leo nataka kuwapigia watu wenye afya zao, waliopandishwa vyeo makazini.

Mtu amefanya kazi miaka kumi kwa bidii, kisha akabidhiwa barua: tangu mwezi ujao wewe ndiwe karani mkuu, au mwalimu mkuu, au msimamizi wa ghala. Nyumbani huchinjwa kuku, na majirani huja na pongezi. Mwenyewe usiku halali. Moyo wamwambia: "Cheo hiki si chako. Umekipata kwa bahati tu, na karibu watakugundua." Akisifiwa, hudhani aliyemsifu hakutazama vyema.

Mwaka 1978 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi huko Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika habari za wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa sana katika masomo na kazi, ambao hata hivyo walijiona walaghai. Shahada na sifa hazikuwaponya. Baadaye ilidhihirika kwamba wanaume nao hawakusalimika.

Mimi simcheki mwenye hofu hiyo. Nilipokabidhiwa meza ya mhariri mara ya kwanza, nami niliionja. Ninayemwogopa ni yule asiye nayo hata chembe, aliyepewa kiti kwa undugu akakikalia kana kwamba alizaliwa nacho. Mwenye kuogopa walau ajua kuwa cheo ni amana.

Lakini hofu ikifichwa huoza. Mkubwa anayeogopa kuumbuka hathubutu kuuliza. Faili asilolielewa hulifungia katika mtoto wa meza. Kijana amzidiye ujuzi humwona adui. Kazi ya watu watano huifanya peke yake, asije akaonekana hatoshi. Swali dogo hulijibu kwa ukali. Wanaoumia ni walio chini yake, na wananchi waliopanga foleni dirishani.

Wako wasemao dawa yake ni kujitia ushujaa. Ushujaa wa kujitia haudumu. Tazameni Kilindini. Nahodha wa meli amevuka bahari kuu, lakini kabla ya kuingia bandarini humpokea rubani ajuaye mkondo wa pale. Hakuna baharia anayenong'ona kuwa nahodha hajui kazi. Lau angeona haya kumpokea rubani, chombo kikapanda mwamba, hapo ndipo angeumbuka.

Na Nabii Musa, alayhi salaam, alipotumwa kwa Firauni hakujifanya mkamilifu. Aliomba akunjuliwe kifua, afanyiwe wepesi kazi yake, afunguliwe fundo la ulimi, na apewe nduguye Haruni awe msaidizi wake. Kutaja upungufu hakukumvua utume, na alipewa aliyoyaomba.

Basi, ndugu yangu uliyepandishwa juzi, yatenge mambo mawili. Liko usilolijua kweli, na liko unalolijua ila moyo wakukatalia. La kwanza, liulize wiki hii hii, kwa aliyekutangulia au hata kwa aliye chini yako. La pili, jikumbushe kazi ya mikono yako. Waliokupandisha wameitazama kazi hiyo miaka mingi. Kudai kuwa wote wamekosea, na wewe peke yako ndiye uliyeona sawa, ni kujipa elimu kubwa kuliko ile unayosema huna!

Nasi tulio karibu naye tuna wajibu wetu. Mkubwa mpya akiuliza, tumjibu kwa adabu wala tusikonyezane. Tukimcheka leo, kesho hatauliza, na hasara ya kimya chake itatuangukia sote.