AFYA YA NYUMBANI: Umeme wa Treni ya Mtoto



Reli haijafika Bukoba wala Muleba. Tulichozoea ni gati la Kemondo, lililojengwa liweze kupokea mabehewa yanayovushwa ziwani kwa meli. Lakini tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, watoto wanaiona kwenye televisheni na wanataka ya kwao. Mmoja ataletewa ya dukani, yenye reli zake. Mwingine atajitengenezea kwa mikebe na vizibo vya soda, na kuifunga mota ya redio kaseti mbovu.

Mama mwenzangu, usimkataze. Mchezo huu unamfundisha kutumia akili na mikono aliyopewa na Mungu. Wewe uliza jambo moja tu: umeme wa kuiendesha unatoka wapi?

Umeme wa ukutani ni volti 230, nao unaua. Treni nyingi za kuchezea zinahitaji volti 12 au pungufu. Hatari huanza treni inapozorota. Mtoto huona betri hazina nguvu, akaitazama soketi, akachukua nyaya mbili zilizo wazi. Kwa hiyo kinga mojawapo ni kuhakikisha treni yake inakwenda vizuri kwa umeme mdogo.

Betri moja ya tochi hutoa volti 1.5, nne zikipangwa mstari mmoja hutoa 6. Zibadilishe zote kwa pamoja, usichanganye kuukuu na mpya. Mchezo ukiisha zitolewe, maana zikikaa huvuja na kuharibu chombo.

Zipo treni zinazopata umeme kupitia reli zenyewe na magurudumu. Hizi hukwama kwa sababu ya vumbi na moshi wa jikoni. Zima umeme, futa reli kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha zikauke. Kaza viungo vya reli. Ikizorota mbali tu na umeme unapoingia, ongeza nyaya mbili za kufikisha umeme huko, kila waya kwenye reli yake ile ile. Zikipishana ni shoti.

Kama inatumia adapta, iwe ya treni hiyo, volti zilizoandikwa zilingane. Ikipasuka au ikipata moto sana, itupe. Kuichomeka na kuichomoa iwe kazi ya mtu mzima.

Umeme ukikatika, msigeukie betri ya sola au ya pikipiki. Volti 12 hazirushi mtu kama umeme wa ukutani, lakini nyaya zikigusana betri hiyo humwaga umeme mwingi kwa mara moja. Waya huwa mwekundu, huunguza vidole na hata pazia. Rudini kwenye betri za tochi.

Chunga pia betri za duara, ndogo kama kifungo, zilizomo kwenye rimoti. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kumuunguza ndani ya saa mbili, hata akiwa halalamiki. Usimtapishe. Usimpe chakula. Mkimbize hospitali yenye eksirei, mwambie daktari ni betri.

Na mtoto akinaswa na umeme, usimshike kwa mikono. Zima swichi kubwa kwanza. Ukishindwa, simama mahali pakavu umsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, anza kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua huku wengine wakitafuta usafiri. Hata akiamka na kucheka, apelekwe akapimwe, maana umeme huweza kuudhuru moyo bila alama nje.

Jioni moja mwezi huu, keti na mwanao mkague nyaya zake pamoja. Akijua mama anaupenda mchezo wake, hataufanya kwa kujificha.

Mungu azilinde nyumba zenu.