Sheria iliyofichwa mfukoni mwa Venice

Mfanyabiashara anayevuka mpaka ana tamthilia yake, nayo imo katika Kiswahili tangu mwaka 1969. Ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya kazi ya William Shakespeare iliyoandikwa kati ya 1596 na 1598. Wengi waliosoma tamthilia hiyo wanakumbuka Myahudi katili aliyeshindwa na mwanamke mwerevu. Kumbukumbu hiyo inaacha nje jambo linalomhusu zaidi mtu anayefanya biashara ugenini.

Kisa ni cha mkopo. Bassanio anataka fedha za kwenda kumposa Portia, binti tajiri wa Belmont. Rafiki yake Antonio ni mfanyabiashara ambaye mali yake yote iko baharini, hivyo anakopa dukati 3,000 kwa Shylock, mkopeshaji Myahudi. Muda ni miezi mitatu, bila riba. Akishindwa kulipa, Shylock atakata ratili moja ya nyama ya mwili wake. Habari zinafika kwamba meli zimepotea, muda unapita, na Shylock anadai nyama yake.

Ukatili huo una historia. Antonio alikuwa akimtukana Shylock sokoni, akimwita mbwa na kumtemea mate. Hata siku ya kukopa anamwambia kwamba huenda akamtemea tena.

Shakespeare hakuibuni chuki hiyo. Kuanzia mwaka 1516 Venice iliwalazimisha Wayahudi kuishi katika mtaa wao peke yao, na malango yake yalifungwa usiku. Uingereza ilikuwa imewafukuza tangu 1290, na hadi 1656 hawakuruhusiwa kuishi huko waziwazi. Mwaka 1594 Roderigo Lopez, tabibu wa Malkia Elizabeth aliyekuwa na asili ya Kiyahudi, aliuawa hadharani London kwa tuhuma za kupanga kumwekea malkia sumu. Watazamaji waliomzomea Shylock walikuja ukumbini wakiwa na hukumu yao tayari.

Hata hivyo, Venice ya tamthilia hii inajisifu kwa sheria. Antonio mwenyewe, akiwa amekamatwa, anakubali kwamba mtawala hawezi kumnyima Shylock haki yake. Sababu anayoitoa ni ya kibiashara: utajiri wa mji unatokana na watu wa mataifa mengi, na wageni wakiona mikataba yao haiheshimiwi, sifa ya Venice itachafuka. Hiyo ni hoja ambayo kila mtu mwenye stoo au mteja ng'ambo ya mpaka anaielewa.

Ndipo anaingia Portia. Mwanamke huyu hana uhuru hata wa kujichagulia mume, kwa sababu wosia wa marehemu baba yake umelifunga suala hilo ndani ya masanduku matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi. Kama mwanamke hawezi kuzungumza mahakamani, hivyo anavaa nguo za kiume na kujifanya mwanasheria. Kwenye majukwaa ya Uingereza ya wakati huo, hata Portia mwenyewe aliigizwa na mvulana.

Hoja yake ya kwanza ni safi. Mkataba unataja nyama na hautaji damu, basi Shylock akate bila kumwaga tone, wala asizidishe uzito. Hapo maisha ya Antonio yameokoka. Shylock anakubali kurudishiwa mtaji wake tu na aondoke.

Kesi ingeishia hapo, ingekuwa ya haki. Lakini Portia anamzuia, kisha anatoa sheria nyingine: mgeni akithibitika kutaka kumuua raia, nusu ya mali yake inakwenda kwa raia huyo, nusu kwa serikali, na uhai wake uko mikononi mwa mtawala. Huruma anayoonyeshwa ni kuachiwa uhai na sehemu ya mali, kwa sharti kwamba awe Mkristo.

Wapo watakaosema Shylock alitaka kuua, basi alistahili. Kumzuia kulistahili kabisa. Kumlazimisha aiache dini yake ni jambo jingine, halimlindi Antonio wala halilipi deni. Linalosikitisha zaidi ni kwamba aliyelifungulia mlango ni Portia, mtu aliyekuwa mahakamani kwa kujificha kwa sababu mji huohuo haukumtambua. Huyuhuyu ndiye aliyefurahi mkuu wa Morocco aliposhindwa kuchagua sanduku, akaomba wote wenye rangi kama yake washindwe vilevile. Kubaguliwa hakukumfundisha kutobagua.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inakataza ubaguzi kwa misingi ya uraia. Kipimo chake si siku mgeni anapokaribishwa kuingiza mzigo. Kipimo ni siku anapomdai mwenyeji na mkataba uko upande wake. Siku hiyo hakimu afungue sheria ileile ambayo angemfungulia mwenyeji, na mdai, awe mama au baba, Mwislamu au Mkristo, asihitaji kujibadilisha ili asikilizwe.