Kicheko si Adui wa Kiswahili

Ndugu walimu, wapo miongoni mwetu wanaotaka tuwalaani wachekeshaji wa baa za Kampala. Huko mchekeshaji husimama peke yake mbele ya kipaza sauti, na mara nyingi Kiswahili hukitumia pale tu anapoigiza askari aamrishaye au mwizi atishaye. Wasikilizaji huangua kicheko.

Sisi twasema lawama hiyo haina haki. Mchekeshaji hakuibuni dhihaka hiyo. Ameirithi kwa wazee waliokisikia Kiswahili kikifokwa na askari enzi za Idi Amin, 1971 hadi 1979. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili; mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini sheria haizai mapenzi.

Nasi darasani twatoa nini? Ngeli, vitenzi na wino mwekundu. Vitendawili na mizaha ya watani twaviita upuuzi. Basi tusimnyang'anye mchekeshaji kipaza sauti. Muhula ujao kila mmoja wetu na aanze kipindi kwa kichekesho, ili mwanafunzi acheke kwa Kiswahili, asikicheke Kiswahili.