STAA, HAYO NI MAFUTA YA KUNYOLEA TU, SIO DAWA YA VIPELE

Wadau, hili la mafuta ya kunyolea inabidi tuliongee, maana naona watu wanapigwa mchana kweupe.

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina nalihifadhi kwa sababu sina hela ya wakili, siku hizi kila akiposti ni kachupa. Kachupa kenyewe ka mililita 30, kana kifuniko cha dhahabu na picha yake akiwa kavua shati. Anakwambia tupa sabuni, tupa povu, paka matone yangu, nyoa, vipele vya ndevu utavisahau. Sasa njoo kwenye bei! Kwa hela ile unaenda kwa kinyozi miezi mitatu na chenji ya chipsi mayai inabaki.

Upande wa pili kuna mtangazaji mmoja, naye jina tuliache, kamjibu kwenye kipindi chake kwamba mwanaume wa kweli ananyoa kwa povu na brashi, mafuta ni mambo ya watoto wa mama. Basi komenti zikawaka moto. Timu Mafuta, Timu Povu. Watu wanatukaniana wazazi kwa ajili ya ndevu ambazo wengine wao hata hazijaota.

Mimi ni Timu Mafuta, niseme mapema. Na ndio maana huyu staa ananiudhi kuliko yule mtangazaji.

Tuanze na povu lenyewe. Watu wengi wanaamini povu ndilo linalolainisha ndevu. Hapana. Kinacholainisha ndevu ni maji. Unywele mkavu ni mgumu, ukikaa kwenye maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu unavimba na kulegea, wembe unapita bila kugombana nao. Kazi ya povu ni kuyashikilia maji hayo yasikauke usoni na kuutelezesha wembe, basi. Na povu la sabuni ya mche, ambalo ndilo la wengi wetu geto, hata kazi hiyo linaifanya vibaya. Linakauka kabla hujamaliza shavu la pili, halafu sabuni yenyewe kali, inaondoa mafuta ya asili ya ngozi, ukimaliza uso umekaza kama ngoma. Krimu nzuri ya kunyolea hiyo siibishii, inafanya kazi. Ila tuwe wakweli, wangapi wanayo?

Kuhusu brashi anayoisifia mtangazaji, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kuna watu Uingereza na Marekani walipata kimeta kutokana na brashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa manyoya ya wanyama ambayo hayakusafishwa vizuri. Kimeta, ugonjwa wa ng'ombe! Leo hofu sio kimeta, ila brashi moja inayozungushwa kwenye nyuso ishirini kwa siku bila kuoshwa sio kitu cha kujivunia uanaume.

Sasa mafuta. Lowesha uso vizuri kwanza, hapa ndipo wengi wanaporuka. Ndevu zikiwa bado zimelowa, weka matone manne matano kiganjani, sugua, nyoa. Wembe unateleza, na uzuri wake mkubwa ni kwamba unaona. Povu linafunika kila kitu, unanyoa kwa kubahatisha. Kwa mafuta unauona mstari, unakiona kipele kabla hujakichana. Wale wa kuchonga "O" mnanielewa. Na maji unatumia kikombe tu, siku ya mgao Dar hiyo sio faida ndogo.

Kasoro zipo. Mafuta yakichanganyika na vinywele yanaziba wembe upesi, hasa hizi zenye nyembe tatu nne zilizopangwa pamoja, kwa hiyo suuza kwa maji ya moto kila baada ya kupitisha mara mbili. Sinki nalo linabaki na utando, mama mwenye nyumba atakuuliza. Mtangazaji angesema haya ningempigia makofi.

Wala huu sio uvumbuzi wa staa wetu. Uingereza jamaa mmoja, Will King, alianzisha King of Shaves mwaka 1993 na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa hiyohiyo, mafuta ya kunyolea. Miaka zaidi ya 30 iliyopita. Siri gani sasa hapo?

Maana ndivyo anavyojibu akiulizwa kilichomo: "Fomula ya siri." Jamani. Mafuta mengi ya kunyolea ni mafuta ya mimea. Alizeti, nyonyo, wengine wanaongeza mnanaa kidogo usikie ubaridi. Ule ubaridi ndio unaowachanganya watu, wanadhani dawa imeingia. Ni mnanaa tu, kama kwenye dawa ya mswaki. Alizeti yenyewe imejaa Singida na Dodoma, tunakaangia maandazi. Sisemi chukua ya jikoni upake, na mwenye chunusi akae mbali na mafuta ya nazi maana yanaweza kumziba vinyweleo. Nasema usilipie bei ya simu.

Lakini bei ningeisamehe, mjini kila mtu na biashara yake. Nisichoweza kumsamehe ni hilo neno vipele.

Vipele vya ndevu haviletwi na povu, na mafuta hayaviondoi. Vinaletwa na umbo la nywele zetu. Ndevu zetu zinajikunja. Ukizikata karibu sana na ngozi, ncha inabaki kali kama mshale, inakua huku inajipinda, halafu inarudi kuchoma ngozi na kuingia ndani. Mwili unauona ule unywele kama kitu kigeni, unavimba. Zile nyembe nyingi ndio balaa zaidi, wa kwanza unauvuta unywele, unaofuata unaukata chini ya ngozi. Sasa niambie, tone la mafuta litaunyoosha unywele kwa njia gani? Linapunguza kukwaruzwa, sawa. Kupinda halipunguzi.

Huko Marekani jambo hili lilifika mpaka mahakamani. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba amri ya kampuni moja ya piza kuwalazimisha wafanyakazi wote kunyoa ndevu inawaumiza zaidi wanaume weusi, kwa sababu ya vipele hivihivi. Kama dawa ni kachupa, majaji walikuwa wanahangaika nini?

Kinachosaidia hakina picha ya mtu kavua shati. Nyoa kufuata ndevu zinakolalia, usivute ngozi, usirudie sehemu moja mara tano, tumia wembe mmoja mpya na uwe wako peke yako. Au pitisha mashine uache ndevu fupifupi. Vikizidi, acha kunyoa wiki kadhaa. Visipopoa nenda kwa daktari wa ngozi, na usijipakie zile krimu za kuchubua za kwenye meza za barabarani, utaondoka na vipele na sura.

Kuna dogo aliandika chini ya posti ya staa. Kapata kazi ya ulinzi, bosi anataka shavu safi kila asubuhi, kanunua chupa mbili, sasa shingo imejaa uvimbe na usaha, anauliza afanyeje. Komenti ikafutwa. Kesho yake posti mpya, "punguzo la wikiendi". Makovu ya shingoni yale wengine yanavimba na hayarudi chini tena, dogo ana miaka ishirini na kitu.

Na hivi mmewahi kumwangalia staa mwenyewe vizuri? Pitia klipu zake zote. Ana ndevu! Zimechongwa kwa mashine, zimejaa, nzuri kabisa. Anauza mafuta ya kunyolea mtu asiyenyoa.

Kwa hiyo staa, tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Tuoneshe nembo kwenye kachupa, tuandikie viungo, na mjibu yule dogo. Halafu nyoa laivu, mpaka chini, kila siku wiki mbili mfululizo, bila filta. Tutakaa hapahapa tunakuangalia.