Kompyuta Yetu, Masharti Yenu: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Serikali Mtandao,
Dodoma.

Yah: Kompyuta binafsi za watumishi zinazofanya kazi za umma

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sentensi hiyo nimeiandika maisha yangu yote ya kazi, maana nilikuwa mtu wa masijala. Leo naiandika bila kumbukumbu namba na bila kupitisha barua kwa mkuu wa idara yeyote, kwa kuwa nimestaafu na ninayoyasema ni yangu. Ningekuwa bado kazini nisingeiandika. Wanaopaswa kuiandika ni majirani zangu, na wao wana sababu zao za kukaa kimya.

Mandewa, kata yetu hapa Manispaa ya Singida, wamepanga watumishi wengi: walimu, wauguzi, wahasibu, maofisa ugavi. Kuanzia saa mbili usiku, watoto wakishalala na mtandao ukishapungua msongamano, wanafungua kompyuta mpakato zao. Mmoja anajaza majukumu yake ya wiki kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, kabla msimamizi hajaulizia. Mwingine anarekebisha makisio ya bajeti ambayo kesho saa mbili asubuhi yanatakiwa mezani kwa bosi. Mwalimu mkuu anaoanisha hesabu za shule. Kompyuta wamenunua wenyewe, bando wamenunua wenyewe, na umeme ni wa LUKU waliyoiingiza wenyewe. Kazi ni ya serikali.

Sina ugomvi na mifumo. Nimeishi zama za mtumishi kupanda basi kutoka Singida kwenda Dodoma, kilomita zinazokaribia 240, kufuatilia barua ya uhamisho iliyolala kwenye trei ya mtu. Nimetafuta majalada yaliyopotea na ninajua mengine hayakupotea, yalifichwa. Leo mtumishi anaomba uhamisho, likizo na hata mkopo kupitia ESS, mfumo wa mtumishi kujihudumia mwenyewe, akiwa amekaa kibarazani. Fomu za OPRAS za kupima utendaji, tulizokuwa tukizijaza kwa kunakiliana toka 2004, zimepisha PEPMIS. Tangu mlipokuwa Wakala mwaka 2012 hadi Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 ilipowafanya Mamlaka, mmefanya kazi kubwa, na anayebisha hakuwahi kukaa kwenye benchi la masijala.

Tatizo ni kwamba mifumo imefika kabla ya vifaa. Ofisi ina kompyuta moja au mbili, wenye kazi ni kumi, na tarehe ya mwisho ni moja kwa wote. Halafu juu ya hali hiyo yanakuja masharti: usitumie barua pepe binafsi kwa shughuli za ofisi, usichomeke flashi kutoka nje, usiweke programu isiyo na leseni, usimpe mtu nywila yako, usihifadhi nyaraka za ofisi kwenye kifaa kisicho cha ofisi. Kila sharti ukilisoma peke yake lina akili. Ukiyasoma yote pamoja unagundua yameandikwa kwa ajili ya mtumishi ambaye ana kompyuta ya serikali mezani, ina antivirasi hai, na ofisa TEHAMA yuko chumba cha pili. Mtumishi huyo yupo, sikatai. Wa kwetu hapa wengi si yeye.

Nikupe kisa cha kijana mmoja mhasibu, jirani yangu, anayefanya kazi kwenye taasisi ambayo sitaitaja. Aliambiwa kompyuta ya idara imeharibika, kwa hiyo aje na ya kwake. Akaja nayo. Ofisa TEHAMA akasema haiwezi kuunganishwa na mtandao wa ofisi mpaka isafishwe, na kwa kweli hakukosea: ilikuwa mashine iliyotumika, imetoka Dubai ikapitia Kariakoo, na Windows yake ilikuwa ya kuchakachua. Ikapigwa Windows upya. Kijana aliambiwa ahamishe mafaili yake kwanza, akahamisha aliyoyakumbuka. Picha za mazishi ya baba yake hakuzikumbuka. Baada ya hapo akapewa masharti: nywila ya msimamizi wa mashine abaki nayo ofisa TEHAMA, asiweke programu yoyote, na asiitumie mtu mwingine nyumbani. Mke wake alikuwa akiandikia humo hesabu za mafuta ya alizeti anayouza. Akarudi kwenye daftari.

Miezi michache baadaye feni ya ile kompyuta ikafa, ikawa inazima kila ikipata moto. Kijana akaandika dokezo kuomba itengenezwe. Jibu lilikuwa fupi: kifaa hicho hakimo kwenye rejista ya mali, hivyo hakuna kifungu cha kukigharamia. Alikuja kwangu jioni ile, akaniambia, "Shikamoo mzee. Kumbe kompyuta ikiwa nzima ni ya ofisi, ikiharibika ni ya kwangu." Nilimwitikia marahaba, nikakosa la kuongeza.

Katika masijala tulikuwa na sheria kali kuliko hizo zenu. Jalada la siri halikutoka bila kusainiwa kwenye daftari, na kukutwa nalo nyumbani lilikuwa kosa la kukupeleka mbele ya kamati ya nidhamu. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia ninunue jalada kwa mshahara wangu. Kabati, kufuli na funguo zilikuwa za mwajiri, ndiyo maana alikuwa na haki ya kunihoji kilichomo. Mwajiri wa leo amebaki na haki ya kuhoji, kabati kamwachia mtumishi.

Na pale mtumishi asipokuwa na kompyuta hata hiyo ya Kariakoo, au akikatazwa kuitumia, kazi haisubiri. Inakwenda steshenari. Hili ndilo linalonitia hofu, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, na ndilo ninalotaka ulisikie hata kama mengine utayaruka. Ingia steshenari yoyote ya mji wa mkoa siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho ya mfumo wowote. Utamkuta binti mwenye kasi ya kuchapa ambaye hajaajiriwa na serikali, na pembeni ya kibodi ana kaunta buku. Ndani yake kuna jina la mteja, cheki namba, na nywila. Zimeandikwa kwa kalamu ya wino, safu kwa safu, kwa sababu mteja akirudi mwezi ujao hatakumbuka. Binti huyo simlaumu, anafanya kazi yake kwa uaminifu na anatoza shilingi chache. Lakini mwenye kaunta buku lile anaweza kuingia kwenye taarifa za mshahara za watumishi wengi, akaomba mkopo kwa jina la mtu, na mfumo utaamini ni mwenyewe. Kwenye mtambo wenu kila kitu kitaonekana sawa: nywila sahihi, saa za kazi, hakuna aliyevunja mlango.

Kwa hiyo mtumishi aliyekatazwa kutumia kompyuta yake hakuhamia kwenye kompyuta salama zaidi. Amehamia kwenye mashine inayoshikwa na mji mzima.

Hatari ya vifaa binafsi naijua. Kompyuta inayochezewa michezo na watoto mchana na kufunguliwa hesabu za halmashauri usiku ni mlango wazi. Ikiibwa kwenye basi ikiwa na orodha ya wagonjwa na vipimo vyao, aliyeumizwa si mtumishi, ni mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na taasisi inayozikusanya ndiyo inayobeba wajibu wa kuzilinda. Sasa muuguzi akiandaa taarifa ya mwezi kwenye mashine yake kwa maelekezo ya mdomo ya bosi, siku taarifa zikivuja nani atajibu? Bosi atasema hakuna mahali alipoandika. Na ni kweli, hakuandika.

Upo pia upande wa mtumishi mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaruhusu polisi kupekua na kukamata kompyuta kwenye uchunguzi. Kompyuta ya ofisi ikichukuliwa, ofisi inapata hasara. Ya binafsi ikichukuliwa kwa ajili ya jambo la ofisi, inakwenda na meseji za mke, tasnifu ya shahada ya pili, na vyeti vya watoto vilivyoskaniwa. Sijaona waraka unaomweleza mtumishi hayo kabla hajaambiwa "njoo na ya kwako".

Wenzetu nao wamegongana na jambo hili. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ya jimbo la California, Marekani, iliamua kwamba mwajiri anayemtaka mfanyakazi atumie simu yake binafsi kwa kazi lazima amrudishie sehemu ya gharama, hata kama mfanyakazi huyo angelipia bando hilo vyovyote vile. Sisemi tuige California, mishahara yetu na yao haikutani hata njiani. Nasema tu kwamba swali la nani analipa limeshaulizwa mahakamani na mwajiri akaambiwa alipe.

Sisi wenyewe tuna historia ya marufuku. Mwaka 1974, baada ya mambo ya kompyuta za hesabu pale Hazina kwenda kombo, serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini. Haja ya kuhesabu mishahara haikuzuilika, tuliendelea kuihesabu kwa mkono na kwa makosa mengi, na marufuku ilipolegea tulianza kukimbizana na nchi zilizokuwa zimetutangulia. Wazee wa umri wangu wanakumbuka.

Ninachoomba si kikubwa, na hakihitaji kikao cha Baraza la Mawaziri. Sheria imewapa ninyi kazi ya kuratibu na kusimamia serikali mtandao, na miongozo ndiyo zana yenu. Toeni mwongozo mmoja, wa Kiswahili, unaokiri kwamba kompyuta binafsi zinafanya kazi za umma. Kukiri tu kungekuwa hatua, maana kitu kisichokiriwa hakisimamiwi.

Mwongozo huo useme kwamba mkuu akimtaka mtumishi atumie kifaa chake, amwandikie. Mwenye kuandika ndiye atakayejibu. Useme kwamba kazi ifanyike ndani ya mfumo wenyewe kwa kivinjari, bila kupakua na kubakiza nyaraka kwenye mashine, na kuingia kuwe na uthibitisho wa pili kwenye simu ya mwenyewe, ili kaunta buku la steshenari lipoteze thamani yake hata likiibwa. Uruhusu akaunti mbili kwenye mashine moja, ya kazi na ya nyumbani, ofisa TEHAMA akague ya kazi na asiguse ya nyumbani. Mtumishi akihama au akistaafu, ifutwe sehemu ya ofisi tu, mwenyewe akiwa amekaa pale anaona. Na kifaa kilichokubaliwa rasmi kipate kifungu cha matengenezo na bando, hata kidogo. Ofisi inayoshindwa kulipia feni ya kompyuta haina uso wa kudai nywila ya msimamizi.

Jambo lingine linahusu vishikwambi. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ile, na lilikuwa jambo la maana. Vingi vipo, vingine vimepasuka kioo, vingine vimekuwa vya kuangalia katuni. Hivyo ni vifaa vya serikali tayari. Vikihakikiwa na kuwekewa mifumo inayohitajika, mwalimu wa kijiji hatakuwa na sababu ya kupanda bodaboda kuja mjini kumpa nywila yake mtu asiyemjua. Na kila ofisi ya kata ikiwa na kompyuta moja safi, iliyowekwa kwa ajili ya watumishi wa maeneo hayo na si kwa ajili ya mtendaji peke yake, foleni ya steshenari itapungua mwezi huohuo.

Najua utaambiwa kwamba taasisi nyingi tayari zina sera ya TEHAMA na kamati yake. Ni kweli, zinayo. Mwombe ofisa wako mmoja aje Singida bila taarifa, asiende ofisini kwa mtu, apite Mandewa saa mbili usiku, kisha kesho yake asimame steshenari mjini kama mteja wa kawaida. Sera atazikuta kwenye makabati atakapokuwa tayari.

Mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Makisio ya matengenezo ya vifaa yanaandikwa miezi kadhaa kabla ya hapo, na yataandikwa, kama kawaida, na vijana hawa kwenye kompyuta zao wenyewe. Naomba mwongozo huo uwafikie kabla hawajamaliza kuyaandika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mstaafu wa masijala,
Mandewa, Singida.