Mvi si ushahidi wa uchawi

Nilipokuwa Awendo, mji wa miwa, watazamaji wenzangu wa tamthilia moja ya majini waliniuliza: "Nyinyi watu wa Pwani, kweli mnafuga majini?" Tulicheka. Kilichonitia hofu ni pale bi kizee alipotokea: hata hajafungua mdomo, wote wakamwita mchawi.

Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, si mbali na Awendo, akina mama wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Kwetu Kilifi nako wazee huuawa wakiitwa wachawi, na mara nyingi kiini ni ugomvi wa ardhi.

Televisheni haikuzua chuki hiyo, ila huipa sura. Watunzi, mpeni bibi nafasi nyingine. Nasi watazamaji tuwafunze watoto wetu: mvi si ushahidi.