Tusitupe sauti za wazee wetu

Wapo wanaoshangilia kwamba muziki wa dunia nzima sasa umo mkononi. Nami hufurahi, ila kwa tahadhari. Mfumo wa MP3, uliopewa jina hilo nchini Ujerumani mwaka wa 1995, huweza kupunguza ukubwa wa wimbo hadi sehemu moja ya kumi kwa kutupa sauti zinazodhaniwa hazisikiki. Mtafiti Karlheinz Brandenburg alipoujaribu kwa sauti ya Suzanne Vega akiimba bila ala, mwanzoni iliharibika.

Kwa burudani, hasara ni ndogo. Lakini walimu wenzangu, wanafunzi wanaporekodi masimulizi ya wazee, na watunze kwanza nakala kamili. Kilichotupwa hakirudi, na mzee akishafariki, tutamwomba nani arudie?